Umesahau nenosiri la Wi-Fi: ulisome kwenye simu, uingie kwenye ruta, au uiriseti?

Nenosiri la Wi-Fi huandikwa siku ruta inapofungwa, kisha hakuna anayelihitaji tena mpaka inunuliwe simu nyingine, ifike televisheni mpya au mgeni aulize. Fundi hapatikani, kikaratasi hakionekani, na wengi hukimbilia kile kitufe kidogo nyuma ya ruta. Hicho kiwe cha mwisho kabisa. Simu iliyo mfukoni mwa mtu yeyote wa nyumba hiyo mara nyingi bado inalo nenosiri lenyewe, na kulitoa huko hakuharibu kitu.

Kabla ya kuchagua njia, tenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuna nenosiri la Wi-Fi, lile linaloandikwa kwenye simu ili kuunganishwa. Kuna nenosiri la msimamizi, linalofungua ukurasa wa mipangilio ya ruta. Na kwa baadhi ya huduma za faiba kuna jina na nenosiri la akaunti ya intaneti, ambavyo fundi aliviingiza ndani ya ruta na pengine wewe hukuwahi kuviona. Ukiriseti, yaani kuirudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani, unafuta yote matatu kwa mpigo. Ukisoma kwenye simu unapata la kwanza tu, na kwa kawaida ndilo pekee unalolitafuta.

Swali la kuanzia ni moja: kuna kifaa chochote ambacho sasa hivi kimeunganishwa kwenye mtandao huo?

| Njia | Unachohitaji | Muda | Unachoweza kupoteza |
|---|---|---|---|
| Simu ya Android 10 au zaidi | Simu yenye mtandao huo, na PIN yake | Dakika moja | Hakuna |
| iPhone yenye iOS 16 au zaidi | Simu, na Face ID, Touch ID au namba ya siri | Dakika moja | Hakuna |
| Stika ya ruta | Tochi | Dakika moja | Hakuna, ila haisaidii kama nenosiri lilibadilishwa |
| Ukurasa wa ruta | Simu iliyo ndani ya mtandao, na nenosiri la msimamizi | Dakika tano hadi kumi | Kidogo, ukigusa usichokijua |
| Kuriseti | Pini au kijiti chembamba | Dakika tano, au siku nzima ya kumsubiri fundi | Mipangilio yote |

Android: toleo ndilo linaloamua

Tangu Android 10, iliyotoka 2019, simu inaweza kutoa msimbo wa QR wa mtandao iliouhifadhi. Angalia toleo lako kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu. Likiwa 9 au chini yake, ruka hadi sehemu ya ruta, maana hapa huenda usipate kitu. Simu za Xiaomi ni kando kidogo: baadhi zilikuwa na msimbo huo hata kabla ya Android 10.

Kwenye Android isiyobadilishwa sana, kama ya Pixel, fungua Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, kisha Intaneti (kwenye matoleo ya 10 na 11 pameandikwa Wi-Fi). Gusa alama ya gia pembeni ya jina la mtandao, halafu Shiriki. Simu itadai PIN au alama ya kidole. Ukithibitisha, unaonekana msimbo wa QR, na chini yake nenosiri limeandikwa kwa herufi. Hapo kazi imekwisha. Mtandao usio karibu nawe, kwa mfano wa ofisini wakati uko nyumbani, utafute chini ya Mitandao iliyohifadhiwa.

Samsung huuweka msimbo sehemu ya miunganisho: ingia Wi-Fi, gusa gia ya mtandao ulioungwa, uangalie chini ya ukurasa. Kwenye matoleo mapya nenosiri lenyewe liko hapohapo limefichwa kwa nukta, na alama ya jicho hulifunua. Kwenye Xiaomi unagusa tu jina la mtandao ulioungwa na msimbo unatokea. Tecno, Infinix na itel hutofautiana kwa toleo, lakini huhitaji kutafuta mbali: gusa jina la mtandao au mshale ulio pembeni yake, utafute neno la kushiriki au alama ya QR.

Tatizo ni simu zinazoonyesha msimbo bila maandishi. Ukiwa na simu ya pili, kamera yake itausoma na kuungana, na kama lengo lilikuwa kuunganisha simu hiyo, umemaliza. Televisheni au kompyuta mara nyingi haiwezi kuusoma msimbo, kwa hiyo unahitaji herufi. Piga picha ya skrini, uifungue kwa Google Lens au kwa programu ya kusoma QR inayoonyesha maandishi yaliyomo. Utaona mstari wa namna hii:

WIFI:T:WPA;S:Nyumbani;P:karafuu\;2024;;

Kinachofuata S: ni jina la mtandao, kinachofuata P: ni nenosiri. Mpangilio wa sehemu unaweza kubadilika lakini herufi hizo hazibadiliki. Hapa ndipo watu hukwama: nenosiri likiwa na nukta mkato, mkato, nukta pacha, alama ya kunukuu au mkwaju wa nyuma, msimbo huongeza mkwaju wa nyuma mbele ya alama hiyo. Kwenye mfano wetu nenosiri la kweli ni karafuu;2024, bila mkwaju. Ukiliandika pamoja na mkwaju, televisheni itakukatalia na utadhani njia nzima haifai. Nukta mkato mbili za mwisho nazo si za nenosiri.

Usipakie picha hiyo kwenye tovuti za kusoma QR. Umeipa tovuti jina la mtandao wako na ufunguo wake pamoja, wakati simu ingeweza kuisoma yenyewe.

iPhone: rahisi zaidi, kama si ya zamani

Kwa upande huu iPhone inaishinda Android kidogo, kwa sababu njia ni moja kwa simu zote. Menyu zake haziko kwa Kiswahili, basi fuata majina yalivyo: Settings, kisha Wi-Fi, kisha alama ya i pembeni ya mtandao, kisha gusa nukta zilizo mbele ya Password. Uso au kidole kikikubaliwa, nenosiri linafunguka na unaweza kulinakili. Mitandao ya zamani iko chini ya Edit, juu kulia. Kama unatumia iCloud Keychain, orodha hiyo hubeba hata mitandao iliyohifadhiwa kwenye vifaa vyako vingine vya Apple. Kuanzia iOS 18 kuna pia programu ya Passwords yenye sehemu ya Wi-Fi peke yake, na humo unaweza kuonyesha msimbo wa QR kwa mwenye Android.

Sharti ni iOS 16, iliyotoka 2022. iPhone 8 na X zinaipokea. iPhone 7 na zilizotangulia ziliishia iOS 15, kwa hiyo zinalo nenosiri ndani lakini hazilionyeshi. Kuna njia ya kuzunguka. Tangu iOS 11, iPhone moja inaweza kumpa jirani yake Wi-Fi bila kulitaja nenosiri. Washa Wi-Fi na Bluetooth pande zote mbili, zima Personal Hotspot, hakikisha barua pepe ya akaunti ya Apple ya kila mmoja imo kwenye anwani za mwenzake, kisha simu mpya iguse jina la mtandao huku ya zamani iko wazi kando yake. Kidokezo cha kushiriki kinajitokeza kwenye ile ya zamani. Simu iliyopokea ikiwa ni ya iOS 16 au zaidi, sasa inaweza kulifunua nenosiri kwa hatua zilezile za juu. Kidokezo kisipotokea, mara nyingi ni ile barua pepe: mmoja amehifadhi namba ya simu tu.

Na jambo linalohusu simu zote, za Android na za iPhone: simu huonyesha nenosiri ililolihifadhi, ambalo huenda siyo linalotumika na ruta leo. Kama mtu alilibadilisha mwezi uliopita, simu ambayo haijaungana tangu hapo itakuonyesha la zamani bila kusita. Ndiyo maana tunasisitiza kifaa kilichounganishwa sasa hivi. Simu ikiwa imeungana na mtandao huo wakati unasoma, nenosiri hilo ni sahihi.

Kama kilichoungana ni kompyuta ya Windows na hakuna simu inayofaa, fungua Command Prompt uandike netsh wlan show profile name="Nyumbani" key=clear, ukiweka jina la mtandao wako. Nenosiri litakuwa kwenye mstari wa Key Content.

Ukurasa wa ruta: kazi zaidi, uwezo zaidi

Njia hii hukupa nafasi ya kulisoma nenosiri au kuliandika upya. Kwa nyumba ya kupanga ambako nusu ya majirani tayari wanalijua, kuandika jipya ni bora kuliko kulikumbuka la zamani.

Simu iwe ndani ya mtandao. Zima data ya laini na VPN, kwa sababu simu ikiona ruta haina intaneti inaweza kuelekeza kivinjari kwenye laini. Pata anwani ya ruta kwenye maelezo ya mtandao: iPhone huiandika mbele ya Router, Android mbele ya Lango au Gateway. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta za laini (zinazotumia laini ya simu) na MiFi (ruta ndogo za kubeba, zenye betri) za Huawei kwa kawaida ni 192.168.8.1, na vifaa vingi vya faiba vya Huawei ni 192.168.100.1. Andika http:// mbele yake, la sivyo kivinjari kinaweza kuitafuta Google kama neno. Onyo kwamba ukurasa si salama ni la kawaida kwa ruta ya nyumbani.

Kisha linadaiwa nenosiri la msimamizi. Ruta nyingi za zamani zilikuwa na admin kama jina na admin kama nenosiri. Mpya nyingi zina nenosiri la pekee kwenye stika, au lile fundi alilolichagua. Usibahatishe ovyo, maana baada ya makosa machache ruta nyingi hufunga mlango kwa dakika kadhaa. Ndani, tafuta Wireless, WLAN au Wi-Fi Settings. Sehemu yenye nenosiri huitwa Password, Wi-Fi Key au WPA PreSharedKey, na karibu yake huwa na jicho la kufunua. Kwa TP-Link programu ya Tether hufanya kazi hii kwa urahisi kuliko kivinjari. Huawei nayo ina AI Life kwa ruta zake za nyumbani.

Ukiamua kuandika jipya, WPA2 (aina ya ulinzi wa Wi-Fi) hukubali herufi 8 hadi 63. Angalia kama ruta inatoa mitandao miwili, wa 2.4 GHz na wa 5 GHz, kila mmoja na nenosiri lake. Ukibadilisha mmoja tu, wiki nzima utasumbuliwa na vifaa vinavyokubali chumba hiki na kukataa kile. Pindi unapohifadhi, vifaa vyote vinakatwa, pamoja na simu unayotumia. Hilo ni kawaida.

Tatizo la mduara liko wazi: ili kufungua ukurasa huo lazima uwe umeunganishwa, na huna nenosiri. Kuna milango miwili. Wa kwanza ni waya wa mtandao, kwa adapta ya USB-C kwenda Ethaneti iliyochomekwa kwenye simu ya Android yenye OTG (uwezo wa kupokea vifaa vya USB). Simu inaingia kwenye ruta bila Wi-Fi kabisa, na adapta hizo huuzwa hata kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta vya kawaida. Wa pili ni kitufe cha WPS, ukikibonyeza ruta hupokea kifaa kwa dakika mbili bila nenosiri. iPhone haijawahi kuwa na WPS, na Android iliiondoa kuanzia toleo la 9. Kwa hiyo ile simu nzee ya Android 8 iliyoko kwenye droo, isiyoweza kuonyesha nenosiri lolote, inaweza hapa kuungana kwa kitufe na kukufungulia ukurasa wa ruta.

Stika na kiskrini cha MiFi

Kabla ya kutafuta adapta au WPS, geuza ruta. Stika huandika SSID (jina la mtandao) na Wi-Fi Key, au WPA Key. Kwa MiFi, toa kifuniko na betri, iko humo. Baadhi ya MiFi zina kiskrini, na menyu yake huonyesha jina na nenosiri. Kama jina la Wi-Fi linaloonekana kwenye simu bado ni lilelile la stika, kuna matumaini makubwa kwamba nenosiri nalo halijaguswa. Jina likiwa limebadilishwa, stika haina faida mpaka uriseti. Soma kwa makini sifuri na O, moja na l ndogo na I kubwa. Makosa mengi ya "nenosiri si sahihi" hutoka hapo.

Kuriseti: swali ni ruta ya aina gani

Kwa ruta ya laini au MiFi, kuriseti si jambo la kuogopa. Ikiwa imewashwa, bonyeza kitufe cha Reset kwa pini kama sekunde 10, au mpaka taa zizime na kuwaka upya. Jina na nenosiri hurudi kwenye yale ya stika, na mara nyingi ruta huchukua mipangilio ya kampuni kutoka kwenye laini yenyewe.

Kwa kifaa cha faiba, jizuie. Ndani yake mnaweza kuwa na jina la akaunti, nenosiri na namba ya VLAN (namba ya njia ya mtandao wa kampuni) vilivyowekwa na fundi. Baadhi ya kampuni huvirudisha kutoka ofisini kwao bila mtu kuja, nyingine mpaka umsubiri fundi. Wi-Fi itarudi, intaneti huenda isirudi. Ukishariseti tazama taa: PON (taa ya faiba) ikiwaka bila kupepesa huku ya Internet imezima au ni nyekundu, waya ni mzima na kilichopotea ni akaunti. Nyekundu kwenye LOS ni shida ya waya wenyewe, haina uhusiano na kuriseti. Piga simu ya huduma kwa wateja *kabla* ya kubonyeza. Wengi wao wanaweza kukubadilishia nenosiri la Wi-Fi wakiwa huko huko, na hujapoteza chochote.

Kuruti simu na programu za "kufichua"

Utakutana na ushauri wa kuruti simu (kuivunja kinga ili upate mamlaka kamili juu yake) ili kusoma faili la WifiConfigStore.xml, ambamo nenosiri limo wazi. Ni kweli limo, na kwa Android 9 na chini hiyo ndiyo njia pekee ya kulisoma ndani ya simu nyingi. Ila kuruti simu nyingi huanza kwa kufungua bootloader (programu inayoiwasha simu), na kitendo hicho hufuta kila kitu kwenye simu, pamoja na nenosiri ulilokuwa unalitafuta. Inafaa kwa simu ambayo tayari ilisharutiwa, basi.

Programu zinazodai kusoma Wi-Fi zilizohifadhiwa kwa kawaida haziwezi kufanya hivyo bila ruti, kwa sababu Android haizipi ruhusa. Zinazofanya kitu ni za aina mbili. Za kwanza hukusanya manenosiri ambayo watumiaji wengine walishiriki, na lako likaingia kwenye kapu hilo. Za pili hukisia PIN ya WPS ya ruta. Programu ya Wi-Fi ikidai ruhusa ya mahali, si ajabu, Android huidai ili kutafuta mitandao. Ikidai kusoma SMS au huduma za ufikivu, ifute. Simu hiyohiyo ndiyo yenye M-Pesa. Na kuingia kwenye mtandao wa mwingine bila ruhusa ni kosa: Tanzania chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya chini ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018.

Mahali ambapo hakuna njia itakayofaa

Wi-Fi ya hoteli inayofungua ukurasa wa vocha haina nenosiri la kusoma. Namba ya vocha haihifadhiwi kama nenosiri la mtandao. Eduroam ya chuo na mitandao ya kampuni hutumia jina na nenosiri la mtu binafsi, na kitufe cha Shiriki hakitokei. Hapo ni ofisi ya TEHAMA tu. Nenosiri likiwa sahihi na bado simu inakataliwa, shuku kichujio cha MAC (orodha ya namba za utambulisho za vifaa vinavyoruhusiwa) kwenye ruta, hasa kwa kuwa Android 10 na iOS 14 kwenda juu hutumia anwani ya MAC ya kubuni kwa kila mtandao. Zima anwani hiyo ya kubuni kwa mtandao huo ujaribu tena. MiFi nazo zina kikomo cha vifaa, na kinachozidi kikomo kinaweza kukataliwa bila maelezo ya maana.

Tungechagua nini

Kuna simu iliyoungana: soma hapo, usifanye lingine. Hakuna, na jina la Wi-Fi ni la stika: jaribu stika. Hakuna, na jina lilibadilishwa: adapta ya Ethaneti na ukurasa wa ruta, ikiwa nenosiri la msimamizi lipo. Halipo, na ni ruta ya laini: riseti. Halipo, na ni faiba: piga simu kwa kampuni.

Ukibadilisha ruta nzima, soma kwanza nenosiri la zamani kwenye simu, uipe ruta mpya jina lilelile na nenosiri lilelile, herufi kubwa na ndogo vilevile. Simu, televisheni na printa zitaungana zenyewe bila kuguswa, isipokuwa kifaa cha zamani ambacho hakielewi WPA3. Kwa hicho, chagua WPA2/WPA3 kwa pamoja kwenye ruta.